Nati Zimekazwa, Stelingi Bado Inacheza: Pembe Ambayo Gari Lililopandishwa Huipoteza

Baba mdogo anaishi Katubuka, hapa Kigoma, upande wa uwanja wa ndege. Alinunua Land Cruiser ya zamani, na kwa kuwa masika njia ya shambani kwake huwa tope tupu, akaipandisha: springi ndefu mbele na nyuma, sentimita 5 hivi, pamoja na matairi makubwa. Gari likapendeza kweli. Shida ilianza alipotoka nalo kwenda Mwandiga. Kwenye lami, mwendo ukikaribia kilomita 70 kwa saa, gari linatafuta njia lenyewe, mara kulia mara kushoto. Likikanyaga kishimo, usukani unatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Akabadilisha tairodi. Akabadilisha shokapu ya stelingi. Akashauriwa kukaza boksi la stelingi, likakazwa. Pesa ikaisha, ugonjwa ukabaki palepale.

Kama wewe au ndugu yako mna gari lililopandishwa, huenda hadithi hii unaijua. Kinachoshangaza ni kwamba jibu lake lina zaidi ya miaka 120. Tuanzie huko, kisha turudi chini ya gari.

Kutoka mkokoteni hadi kingpini

Mkokoteni wa zamani wa magurudumu manne ulikuwa na njia moja tu ya kukata kona: ekseli nzima ya mbele iligeuka kwenye msumari mmoja wa katikati. Ilifanya kazi, lakini kwenye kona kali mkokoteni ulikuwa rahisi kupinduka. Mwaka 1816 hivi, Georg Lankensperger, mtengeneza magari ya farasi wa München, Ujerumani, alibuni mpango mwingine: ekseli ibaki mahali pake, kila gurudumu ligeuke kwenye msumari wake. Wakala wake, Rudolph Ackermann, aliandikisha hataza London mwaka 1818, ndiyo maana hadi leo mpango huo unaitwa kwa jina la Ackermann na si la aliyeubuni. Misumari ile miwili ndiyo mababu wa kingpini za gari lako.

Lakini farasi alikuwa na faida ambayo injini haina: alivuta kutoka mbele, kwa hiyo magurudumu yalimfuata. Farasi alipoondolewa, nani atayarudisha magurudumu katikati baada ya kona au jiwe?

Jibu likatoka Ufaransa. Mwaka 1896 Arthur Krebs, mhandisi ambaye miaka 12 kabla alishiriki kuunda puto la injini liitwalo La France, aliandikisha hataza ya gari ambalo magurudumu yake ya mbele hujirudisha yenyewe kwenye mstari. Siri yake ni ndogo: msumari usisimame wima. Uinamishe, sehemu ya juu irudi nyuma kidogo. Wakati huo mizigo ya Ujiji bado ilibebwa mabegani mwa wapagazi. Hata reli ya kutoka Dar es Salaam haikufika Kigoma hadi mwaka 1914.

Kwa nini kuinamisha kunasaidia? Fikiria mstari unaopita ndani ya kingpini hadi ardhini. Ukiinama hivyo, utagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapokanyaga. Yaani tairi linaburutwa nyuma ya mstari wake, kama mkia. Angalia gurudumu dogo la kitanda cha hospitali: sukuma kitanda upande wowote, gurudumu linageuka na kufuata nyuma. Pembe hiyo ya kuinama mafundi huiita kasta.

Sasa sukuma kitanda hicho kwa kasi. Gurudumu linaanza kupiga kushoto na kulia kama limepagawa. Kumbe mkia unaolinyoosha gurudumu unaweza pia kulitikisa.

Miaka ya 1920: matairi laini na mtetemo

Tangu mwaka 1923 magari yalianza kuvalishwa matairi mapana yenye upepo mdogo, na katika miaka hiyohiyo breki za mbele zikaenea. Safari ikawa laini, lakini magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka vibaya, hata kwenye magari mapya ambayo hayakuwa na nati iliyolegea. Mwaka 1925 mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet alieleza kwamba tairi la upepo likisukumwa kwa pembeni hujikunja, na hapo haliendi hasa kule linakoelekezwa. Mtetemo wa usukani unahusiana na tabia hiyo. Wahandisi wa ndege walipambana na jambo hilohilo kwenye magurudumu ya kutulia, na mwaka 1941 Wajerumani von Schlippe na Dietrich walichapisha hesabu zake.

Kwa hiyo nguvu ya kutetemesha haitoki kwenye stelingi. Inatoka kwenye mwendo wa gari lenyewe, kupitia tairi. Shokapu ya stelingi huunyamazisha mtetemo tu, kama panado kwa mwenye malaria.

Sasa twende kwenye hesabu

Land Cruiser za 70 zilizotoka mwaka 1984 zilikuwa na ekseli nzima mbele, na hata zilipowekewa springi za koili mbele, mwishoni mwa miaka ya 1990, ekseli hiyo haikuondolewa. Kwenye hizo za koili, ekseli hushikwa na mikono miwili mirefu ya chuma inayokwenda hadi kwenye chesisi. Ukiinua chesisi, mikono inainama, na ekseli inazunguka pamoja nayo.

Tuchukulie mkono una urefu wa mita 1 na umepandisha sentimita 5. Ekseli itazunguka karibu nyuzi 3. Tuseme kasta ya mwanzo ilikuwa nyuzi 3, na tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 40. Mkia wa mwanzo ni sentimita 2.1. Ukipoteza nyuzi 2 tu, mkia unabaki sentimita 0.7. Ukipoteza zote 3, mkia unaotokana na kasta umekwisha. Gari linasahau njia ya kurudi katikati, hata kama kila nati ni mpya.

Hapo ndipo baba mdogo alipokuwa. Alikuwa akitafuta kitu kilicholegea, wakati kilichoharibika ni pembe.

Ufanye nini chini ya gari

Usirukie kasta moja kwa moja. Kulegea kwa kweli kupo, na kunaua. Gari likiwa limesimama chini, mtu mmoja atikise usukani kidogo kulia na kushoto (washa injini kama stelingi ni ya pawa), wewe ukiangalia kutoka pembeni, mbali na njia ya magurudumu. Fuata kila kiungo kuanzia boksi hadi tairi. Panapocheza upande mmoja kabla ya mwingine kusogea, hapo pamechakaa. Kisha piga jeki, weka stendi imara, shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, kagua beringi na kingpini. Lishike kulia na kushoto: likicheza, kagua viungo vya tairodi.

Usianze kwa kukaza boksi. Ukilikaza kupita kiasi, usukani unakuwa mzito kurudi, na ugonjwa wa kasta unazidi. Na fimbo ya stelingi iliyopinda au kukatika usikubali ichomelewe. Ikiachia kwenye mteremko, usukani haukusaidii tena.

Viungo vikiwa vizima, pima kasta. Kwenye springi za koili, tiba ni bushi zenye tundu lililohamishwa pembeni kidogo, au mikono iliyotengenezwa kwa urefu mpya wa gari. Kwenye springi za bamba, ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Usizidishe, maana ukizungusha ekseli, pua ya difu inashuka na propela shafti ya mbele inaweza kuanza kulia. Ukimaliza, fanya alaimenti, na hakikisha matairi yamebalansiwa.

Baba mdogo aliagiza bushi kutoka Dar. Zilipofungwa, tulikwenda naye Mwandiga tena. Baada ya kona ya kwanza aliulegeza mkono, na usukani ukarudi katikati wenyewe. Akaniangalia, akasema, "Mbona hawakuniambia siku napandisha?"

Basi wewe uliza mapema. Kabla fundi hajafungua springi, mwambie apime kasta na kuiandika. Kipimo hicho ni bei rahisi kuliko tairodi moja.