Sea Fury, Ndege ya Manowari Iliyopata Jina Nchi Kavu

Masimulizi mengi kuhusu ndege ya kivita ya Sea Fury huanzia Korea na karibu yaishie huko. Tarehe 9 Agosti 1952, marubani wanne wa jeshi la majini la Uingereza walioruka kutoka manowari ya HMS Ocean walikabiliana na jeti aina ya MiG-15 na kuangusha moja. Ndege ya pangaboi kuishinda jeti halikuwa jambo dogo. Sifa ilipewa kiongozi wao, Peter Carmichael, ingawa baadaye mwenzake Brian Ellis alidai kuwa shabaha ilikuwa yake. Ujasiri wa vijana wale haupingiki. Hata hivyo, MiG moja haikubadili mkondo wa vita vya Korea, ambako kazi kubwa ya Sea Fury ilikuwa kupiga madaraja, reli na malori. Anayetaka kujua ni wapi hasa ndege hii iliamua jambo, awatazame wateja ambao hawakuwa na hata manowari moja ya kuibeba.

Asili yake yenyewe yaelekeza huko. Kampuni ya Hawker iliisanifu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kutokana na ndege yake ya Tempest, ikilenga kuliuzia jeshi la anga na jeshi la majini kwa pamoja. Vita vilipokwisha, jeshi la anga likajitoa, kwa kuwa lilikwisha kuelekeza macho kwenye jeti. Jeshi la majini likaendelea, na mwaka 1947 Sea Fury zikaanza kuingia vikosini. Hawker ikabaki na toleo la nchi kavu, lisilo na ndoano ya kunasia waya za sitahani, ambalo nyumbani halikuwa na mnunuzi. Iraq iliagiza 30 mwaka 1946, kabla hata Waingereza wenyewe hawajaanza kuzitumia manowarini. Pakistan, dola changa iliyokuwa ikijenga jeshi lake kwa haraka, ilichukua zaidi ya 80 kuanzia 1950. Misri nayo ikanunua chache.

Huenda mtu akasema hayo yalikuwa makombo: Ulaya ilisonga mbele na jeti, mataifa mapya yakauziwa kilichopitwa na wakati. Hoja hiyo ina ukweli, hasa kwa Burma na Cuba, zilizouziwa ndege ambazo Hawker ilizinunua tena kutoka jeshi la majini na kuzikarabati. Lakini Iraq na Pakistan zilipata ndege mpya kutoka kiwandani, zenye injini ya Bristol Centaurus ya nguvu farasi zipatazo 2,500 na mizinga minne ya milimita 20. Tena mnunuzi hakuwa mjinga. Mafundi walikwisha kuzoea injini za pistoni, na ndege iliyoweza kubeba mabomu na roketi ilifaa dhidi ya waasi wa porini kuliko jeti za mwanzo zilizobugia mafuta. Burma ilizitumia hivyo. Mwaka 1961 Sea Fury zake ziliangusha ndege kubwa ya Taiwan iliyokuwa ikiwapelekea mahitaji wapiganaji wa Kuomintang, chama cha wazalendo wa China, mpakani, na zenyewe zikapoteza moja.

Ushahidi mzito kuliko wote uko Cuba. Machi 1958 Marekani ilisitisha kumpelekea silaha dikteta wa Cuba, Fulgencio Batista. Uingereza ikamuuzia Sea Fury 17, ambazo zilifika utawala wake ukikaribia kuanguka. Januari 1959 zikawa mali ya mapinduzi ya Fidel Castro. Aprili 17, 1961, Wakuba wa uhamishoni waliofunzwa na CIA waliposhuka Ghuba ya Nguruwe, zilikuwa zimebaki ndege chache tu zinazoruka, kwani siku mbili kabla ndege za wavamizi zilikuwa zimepiga mabomu kwenye viwanja vya ndege. Hizo chache zilitosha. Rubani Enrique Carreras na wenzake waliishambulia meli ya wavamizi iitwayo Houston hadi nahodha akaipandisha mwambani makusudi, kisha Río Escondido, iliyosheheni risasi na mafuta ya ndege, ikalipuka kwa roketi. Meli zilizosalia zikakimbilia bahari kuu, na waliokwisha kushuka wakabaki ufukweni bila akiba.

Uvamizi huo uliposhindwa, wapo wanaolaumu uamuzi wa Rais Kennedy wa Marekani wa kufuta shambulio la pili la anga, na wapo wanaowasifu zaidi marubani wa jeti za mafunzo za T-33, walioangusha ndege za B-26 za wavamizi. Kweli, T-33 zilikuwa na sehemu kubwa. Ama Kennedy, lawama hiyo yenyewe yaithibitisha hoja hii: kufutwa kwa shambulio kulikuwa na uzito kwa sababu tu ndege zilizosalimika ziliweza kuangamiza meli.

Australia, Canada na Uholanzi ziliziendesha Sea Fury kutoka manowarini kama zilivyokusudiwa, na Uholanzi ikaziunda nyingine katika kiwanda cha Fokker. Zilitumika vyema, kisha jeti zikachukua nafasi zao. Ni haki zitajwe, lakini mwandishi anayezipa kurasa nyingi na kuiachia Cuba aya moja anamnyima msomaji jambo kubwa zaidi: London iliziuza ndege hizo kumwokoa dikteta, na ndani ya miaka mitatu zikawa zimelinda serikali iliyompindua dhidi ya mshirika mkuu wa London mwenyewe.