Tanzania: Namna ya kumshughulisha mtoto mdogo nyumbani mchana kutwa

Sheria ya ajira ya Tanzania humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 iwapo amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Likizo hiyo humalizika mtoto akiwa bado hajaweza kukaa. Mama lishe, muuza mboga na mkulima, ambao hawana mwajiri, hawana hata likizo hiyo. Tokea hapo hadi mtoto atakapopokelewa katika darasa la awali, saa nyingi za mchana hupita nyumbani, mikononi mwa bibi, shangazi, dada wa kazi au ndugu mkubwa.

Kipindi kizito zaidi ni kile cha kati ya mwaka mmoja na mitatu. Mtoto amekwisha kuanza kutembea, mikono yake inafika kila mahali, lakini hajui hatari wala hawezi kueleza anachokitaka. Walezi wengi humwona msumbufu, nao humtuliza kwa simu au kwa kumfunga mgongoni saa nyingi. Wataalamu wa makuzi hueleza kwamba usumbufu huo ndio masomo yake: ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa mno katika miaka mitatu ya mwanzo, na mtoto hujifunza kwa kushika, kumwaga, kurusha na kurudia.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ijulikanayo kwa kifupi PJT-MMMAM, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Programu hiyo husimama juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo hizo zinalingana na mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, WHO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, na Benki ya Dunia.

Kiasi cha kucheza na kulala

Miongozo ya WHO ya mwaka 2019 inapendekeza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ajishughulishe kimwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, zikigawanywa katika vipindi vya siku nzima. Asifungwe mgongoni, wala kuzuiwa kwenye kiti au kigari, zaidi ya saa moja mfululizo. Alale kati ya saa 11 na 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Kuhusu televisheni na simu, mtoto wa mwaka mmoja hapendekezewi kabisa kukaa akizitazama. Aliyefikisha miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Hata vipindi vyema vya elimu vina umri wake: katuni ya "Akili and Me", inayotengenezwa Tanzania, imekusudiwa watoto wa miaka 3 hadi 6.

Michezo kulingana na umri

Mtoto wa miezi 12 hadi 18 hupenda kutia na kutoa. Bakuli la plastiki, vikombe, vifuniko vikubwa na kapu humtosha. Hupenda pia kufichiwa kitu chini ya kanga na kukifichua, mchezo unaomfundisha kwamba kisichoonekana bado kipo. Sufuria na mwiko humpa ngoma.

Kuanzia miezi 18 hadi miaka miwili, mtoto huanza kuiga kazi za wakubwa. Huyu apewe kitambaa akafute meza, majani ya mchicha ayachambue, au nguo ndogo aitie ndani ya beseni tupu. Kazi haitakuwa safi, wala si usafi unaotafutwa. Mlezi anayempikia mtoto na kumtunza kwa wakati mmoja hupata nafuu akimweka karibu, mbali na moto, na kumpa sehemu yake ya kazi.

Aliyefikisha miaka miwili anaweza kupanga vitu kwa rangi na ukubwa: viazi huku, vitunguu kule. Anaweza kuhesabu ndizi pamoja na mlezi, kuvuta kigari cha kopo kwa kamba, kucheza na mwanasesere wa matambara, kupiga teke mpira wa makaratasi, na kujificha nyuma ya mlango akisubiri kutafutwa.

Hakuna mchezo utakaomshika mtoto wa umri huu kwa muda mrefu. Dakika chache zikipita hukimbilia kingine. Dawa yake si kununua vitu vingi. Mlezi atoe vitu vitatu au vinne tu, vilivyobaki avifiche, na baada ya siku mbili au tatu avibadilishe. Kilichokaa siku kadhaa bila kuonekana hurudi kikiwa kipya.

Mazungumzo ndiyo mchezo mkuu

Malezi yenye mwitikio maana yake ni kumjibu mtoto. Akinyoosha kidole kwa kuku, mlezi aseme: "Ndiyo, kuku. Kuku anakula." Akitamka nusu ya neno, arudishiwe neno zima bila kuchekwa. Mlezi anayefua au kupika anaweza kueleza anachofanya huku mikono ikiendelea na kazi. Nyimbo za kubembeleza, hadithi fupi na kutaja viungo vya mwili wakati wa kuoga havigharimu kitu.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa familia zinazotumia Kiswahili katikati ya lugha nyingine, kama za Buyenzi mjini Bujumbura au Biryogo mjini Kigali. Wazazi wengine huogopa kwamba lugha mbili zitamchanganya mtoto. Hofu hiyo haina msingi: mtoto mdogo anaweza kujifunza lugha zaidi ya moja kwa pamoja, mradi azisikie kila siku kutoka kwa watu wanaozungumza naye.

Usalama hutangulia

Mtoto aliyeshughulishwa bado huhitaji jicho. Anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, kwa hiyo ndoo na beseni zimwagwe au zifunikwe, na kisima kiwe na mfuniko. Jiko la mkaa na sufuria ya maji moto viwe mahali asipofika. Mafuta ya taa na dawa za kusafishia visiwekwe katika chupa za soda, maana mtoto huzijua chupa hizo kuwa ni za kinywaji.

Karanga, maharage mabichi, sarafu, shanga na betri ndogo za duara humkaba au kumdhuru akivimeza. Kayamba la chupa lenye maharage ndani ni zuri, ila kifuniko chake kifungwe kisifunguke.

Ndugu wa miaka saba au minane hafai kuachiwa mtoto peke yake. Hana uwezo wa kukabiliana na ajali, na mara nyingi ulezi huo humnyima shule, ingawa elimu ya msingi katika shule za serikali nchini Tanzania haina ada. Mzazi asiye na msaidizi anaweza kutafuta kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Vituo hivyo vinatambuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mzazi ana haki ya kuuliza kama kituo kimesajiliwa.

Mtoto anapolia na kujitupa chini

Hasira za mtoto wa umri huu mara nyingi hutokana na njaa, usingizi, au kushindwa kusema. Kipigo hakimfundishi neno analolikosa. Humfaa zaidi kuondolewa mahali penye ugomvi, kupewa kitu kingine, na kutajiwa anachohisi: "Umekasirika kwa sababu kisu kimechukuliwa." Siku yenye mpangilio usiobadilika, yaani uji, mchezo wa nje, chakula, usingizi, kuoga, hupunguza vilio, kwa kuwa mtoto hujua kinachofuata.

Zipo pia dalili zisizopaswa kungojewa. Mtoto aliyefika miezi 18 bila kutembea au bila kutamka neno lolote, asiyegeuka anapoitwa, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, apelekwe kliniki ya mama na mtoto. Anayecheza naye kila siku ndiye huziona dalili hizo mapema kuliko mwingine yeyote, na msaada ukiwahi mtoto hunufaika zaidi.