Hadhari na Insafu: Matumizi ya Mtandao katika Shule za Kansanga

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kampala akishika barabara ya Ggaba, akapita Kabalagala kuelekea ziwani, hufika Kansanga, mtaa wa tarafa ya Makindye ambao tangu mwaka 2001, kilipoanzishwa hapo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, umekuwa makazi ya wanafunzi wa mataifa mengi, na kwa sababu hiyo umejaa maduka ya stesheneri, mawakala wa fedha za simu, na vyumba vya kupanga ambavyo wenyewe huvinadi kwa sifa ya kuwa vina waifai. Aghalabu husemwa kwamba mahali kama hapo mtandao umekwisha kuenea, na kwamba wajibu uliobaki kwa shule ni kuwakinga watoto na madhara yake. Makala hii inakusudia kuipinga rai hiyo. Madhara yapo, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu awezaye kuyakana. Lakini kinga itolewayo bila kuangaliwa ni nani aliye ndani na nani aliye nje haimkingi yeyote, kwa maana mtoto wa mwenye nacho huyapata aliyokatazwa akiwa chumbani kwake, ilhali mtoto wa asiye nacho huyakosa hata yale aliyohalalishiwa.

Hoja hii haikujengwa juu ya dhana tupu. Serikali ya Uganda ilizifunga shule zote tarehe 20 Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, ikazifungua kwa baadhi ya madarasa, ikazifunga tena mwezi wa Juni 2021, na hazikurudi kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa na jambo hilo kwa muda ambao UNESCO iliuhesabu kuwa majuma 83, ukijumlishwa na vipindi ambavyo madarasa machache tu yaliruhusiwa, na hapakuwa na taifa jingine duniani lililofunga shule zake kwa muda mrefu kama huo. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala kilitunga masomo ya kujisomea nyumbani, redio na televisheni zikatoa vipindi, na shule za kulipia zenye uwezo zikayahamishia madarasa yao katika simu na kompyuta za wazazi. Ndipo, tarehe 1 Julai 2021, shule zikiwa zimefungwa mara ya pili, ukaanza kutozwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, mahali pa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyokuwa imewekwa mwaka 2018 juu ya watumiaji wa mitandao ya kijamii. Watunga sheria, na tuseme kwa haki, waliisamehe data itumikayo kwa huduma za tiba na za elimu; lakini mzazi anunuaye kifurushi cha siku moja kwa wakala wa kando ya barabara atathibitisha vipi kwamba chake ni cha hesabu za darasa la sita? Msamaha ulikuwamo katika sheria, na mtoto aliyekuwa akiitegemea simu ya mama yake hakuwa na njia ya kuufikia.

Shule zilipofunguliwa, desturi iliyozaliwa na dharura ilibaki. Hata leo, likizo inapokaribia, shule kadhaa hupeleka kazi za nyumbani kwa njia ya kundi la WhatsApp la wazazi, na anayetaka kuyaona matokeo ya desturi hiyo na asimame kwa muda katika duka lolote la stesheneri la mtaani. Atamwona mama ambaye simu yake ni kitochi, akimwomba kijana wa duka ampe mwalimu namba yake yeye kijana, ili mafaili yaingie humo. Kijana huyafungua mbele ya wateja wanaongoja zamu, huchagua ya darasa la tano, huyatoa katika printa kwa bei ya kila ukurasa, na mama huhesabu sarafu zake na kuuliza kama kurasa za somo la jamii zaweza kungoja mpaka wiki ijayo. Mara nyingi kazi yenyewe ni picha ya daftari la mwalimu, iliyopigwa jioni kwa taa hafifu, nayo printa huitoa ikiwa na kivuli cheusi upande mmoja, hata swali la nne lisisomeke. Tena katika kundi lile lile hushuka alama za watoto wote kwa majina yao, na pengine orodha ya wasiomaliza karo, na kijana wa duka, ambaye si mzazi wala mlezi wa yeyote, anayo yote mkononi.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa masuala mawili ambayo katika semina zetu hupewa vikao viwili mbalimbali, yaani usalama wa mtoto mtandaoni na usawa wa kuupata mtandao, hapa yamekutana juu ya kaunta moja. Mama yule amelipa zaidi kwa sababu hana simu ya kisasa, na kwa sababu hiyo hiyo habari za mtoto wake zimekaa katika simu ya mtu baki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 imekataza kukusanywa kwa habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi wake, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Lakini idhini ya mtu asiye na njia nyingine ya kupata kazi ya mtoto wake ni idhini ya jina tu. Wala tusidhani kwamba programu za mabingwa wa ng'ambo ni salama kuliko kundi la WhatsApp. Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza, mwaka 2022, programu na tovuti za elimu zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali katika nchi 49 wakati wa korona, lilikuta kwamba asilimia 89 zilikuwa na mienendo iliyohatarisha au kuvunja haki za watoto, na nyingi zilipeleka habari zao kwa wafanyabiashara wa matangazo. Habari za mwanafunzi ni amana, na mwenye kuishika amana ni shule, kwa maana ndiyo iliyomwamuru mtoto aingie huko.

Wako watakaosema kwamba dawa ya yote ni kupiga marufuku. Kuhusu simu za mkononi darasani na bwenini mimi sina ugomvi nao: mwalimu hawezi kufundisha huku akishindana na kioo cha simu. Lakini marufuku huwa na maana pale tu ambapo kinachokatazwa mahali pamoja kimeruhusiwa mahali pengine palipo na mwalimu. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwa mfuko wake wa mawasiliano ya vijijini ulioanza kazi mwaka 2003, imejenga maabara za kompyuta katika mamia ya shule za sekondari za serikali, na kazi hiyo inastahili shukrani. Hata hivyo mtaa kama Kansanga una shule nyingi za watu binafsi zilizo ndogo na maskini ambazo si za kijijini wala si za serikali, kwa hiyo hukosa kotekote. Na pale zilipo kompyuta, mara nyingi funguo hutoka kwa ajili ya watahiniwa pekee, hata kijana akafika kidato cha tano, ambako somo dogo la teknolojia ya habari huanza kufundishwa, akiwa hajapata kuuliza mbele ya mtu mzima ni habari gani ya mtandaoni ya kuaminiwa na ni ipi ya uzushi. Alikwisha kujifunza hayo zamani, kwa wenzake, kwa siri.

Sasa nitaje tadbiri moja ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko udogo wake unavyoonekana: kazi ya shule ichapwe kwa herufi, isipigwe picha. Mtoto asiyeona, aliye na kompyuta yenye programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, ambayo hutolewa bure, au simu yenye ile ya TalkBack, husomewa kwa sauti kila herufi iliyochapwa, lakini picha ya mwandiko wa mkono ni ukuta mbele yake. Uganda ilijiunga mwaka 2018 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika sura zinazosomeka na wasioona, na itakuwa ajabu taifa lililoridhia hilo kwa vitabu vya dunia nzima kulikosa kwa zoezi la darasa la tano. Ukurasa wa maandishi matupu, zaidi ya hayo, ni kilobaiti chache, ilhali picha ya ukurasa huo huo huwa nzito mara makumi. Basi mwenye kununua data kidogo kidogo hupunguziwa gharama. Maandishi hayo huweza kuhifadhiwa katika kompyuta moja ya shule iliyowekewa programu kama Kolibri, na vyombo vya jirani vikayasoma kwa waifai ya ndani bila kugusa intaneti kabisa, wala habari za mtoto zisitoke nje ya ua.

Yuko pia mtoto wa mkimbizi. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na katika mitaa ya Makindye wamo Wakongo ambao watoto wao waliingia nchini na Kiswahili na Kifaransa, wakakuta darasa la Kiingereza na uwanja wa Kiganda. Kwa miaka mingi wazazi wao walipata taabu hata kuandikisha laini ya simu, kwa kukosa namba ya utambulisho wa taifa, mpaka mwaka 2019 vitambulisho vya ukimbizi vilipokubaliwa. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sioni sababu ya tangazo la mkutano wa wazazi, au karatasi ya kuombea idhini ya habari za mtoto, kutoandikwa kwa lugha ambayo mama wa Kikongo ataielewa kabla ya kuitia sahihi.

Mwalimu mkuu atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni nani atakayechapa, maana walimu wake wamechoka na mishahara ni haba. Chuo kikuu kilicho hapo hapo mtaani hufundisha walimu, na kila mwanafunzi wa ualimu hana budi kufanya mazoezi ya kufundisha. Hao wapewe, pamoja na masomo watakayofundisha, kazi ya kuchapa mazoezi ya muhula mmoja chini ya usimamizi wa mwalimu wa darasa, na mwishoni waiachie shule kompyuta moja iliyopangwa vizuri, yenye mafaili ya kila darasa mahali pake na bila alama wala deni la mtoto yeyote ndani yake. Mama mwenye kitochi apewe nakala yake shuleni, kwa wino wa shule, siku ya kufunga muhula.