Dafodili maradufu: ua lisilo na mbegu

Wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki, na hasa wazee wetu waliosoma enzi za ukoloni, tulilijua ua la dafodili kwa jina kabla ya kulijua kwa macho. Shairi la Mwingereza William Wordsworth kuhusu maua hayo, lililochapwa mwaka 1807, lilikaririshwa katika shule nyingi za makoloni ya Kiingereza. Watoto walilisoma kwa sauti huku nje ya dirisha kuna minazi, mikorosho au migomba. Ua lenyewe hawakupata kuliona.

Sababu yake si siri. Dafodili huota kutokana na tunguu, kitu cha tabaka tabaka kama kitunguu maji, na tunguu hilo halitoi ua mpaka lipitiwe na baridi ya wiki 12 hadi 16 hivi. Lamu na Unguja hakuna baridi hiyo. Waarabu humwita ndugu wa ua hili narjis, Waajemi nargis, na jina hilo likafika kwetu likakaa. Tunao akina mama na mabinti wanaoitwa Nargis, tangu Mombasa hadi Kampala. Jina lilivuka bahari, ua likabaki kwenye baridi.

Hapa Toronto baridi si neno la kutafuta. Theluji ikishaondoka, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, dafodili hutokeza kila mtaa, njano na nyeupe. Lililo maarufu ni lile la kawaida, lenye petali sita na kikombe katikati. Leo tunataka kumzungumzia nduguye asiyejulikana sana, dafodili maradufu, ambalo limejaa petali juu ya petali hata ukadhani ni waridi. Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza hugawa dafodili katika makundi 13, na maradufu ni kundi la nne.

Uzuri wa maradufu una gharama yake. Petali zile za ziada hazikutoka hewani. Ni viungo vya uzazi wa ua, vile vinavyobeba chavua na vile vinavyopokea, ambavyo vimegeuka petali. Ndiyo maana maradufu wengi hawatoi mbegu, au hutoa kwa nadra sana. Huongezeka chini ya ardhi tu: tunguu mama huzaa vitunguu vidogo ubavuni, na mtu huvitenga akavipanda mahali pengine. Waliolelewa Bukoba, Moshi au Buganda hawahitaji maelezo marefu, kwani mgomba ni hivyo hivyo. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda, na kila mgomba ulioko shambani ulitokana na chipukizi alilolitoa mtu kwa mkono wake, akampa jirani, mkwe au mtoto aliyekwenda kuanza maisha. Mkono ukikoma kutoa, na ukoo wa mgomba huo umekoma.

Hapo ndipo historia ya dafodili maradufu inapokuwa historia ya watu. Kongwe linalojulikana sana ni liitwalo Van Sion. Habari zake ziliandikwa na John Parkinson, mfamasia na mtunza bustani wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1629. Anaeleza kwamba Vincent Sion alikuwa mzaliwa wa Flanders, nchi ambayo leo iko Ubelgiji, aliyehamia London na kukaa kando ya mto Thames. Alikuwa na tunguu moja asilolijua lilikotoka. Alilitunza miaka mingi bila kutoa ua hata moja. Mwaka 1620 likachanua, na ua lake halikuwa limeonekana na yeyote kati ya wale waliomzunguka. Sion hakulificha. Aliwagawia wenzake vitunguu vyake, Parkinson akiwa mmojawapo.

Mwingine aliyegawiwa alikuwa George Wilmer, bwana mwenye hadhi aliyeishi Stratford Bow. Huyu, kwa maelezo ya Parkinson, alitaka kulifanya ua ni lake, akaliita kwa jina lake kana kwamba yeye ndiye aliyelivumbua, na kwa muda jina hilo likashika. Parkinson alipoandika, Sion alikuwa amekwisha kufa, hakuweza kujitetea. Lakini Parkinson aliandika ukweli, na leo hakuna anayelinunua tunguu hilo kwa jina la Wilmer. Linaitwa Van Sion, ingawa Vincent amepotea njiani akawa "Van". Sisi ambao majina yetu yameandikwa vibaya kwenye karatasi za uhamiaji, baba akageuzwa ukoo na ukoo ukafutwa, tunaweza kumsikitikia Sion kwa hilo na kumpongeza pia. Mgeni mmoja kando ya mto alikaa na kitu kisichomlipa miaka mingi, na miaka 400 baadaye bado kinachanua. Kwa kuwa tunguu huzaa tunguu lililo sawa nalo, Van Sion iliyoko katika bustani leo ni mwili ule ule, uliopita mkono hadi mkono bila kukatika.

Maradufu wa siku hizi wamezalishwa kwa subira ya wakulima wa Uingereza, Uholanzi na Ireland. Cheerfulness, jeupe lenye harufu nzuri na maua kadhaa katika shina moja, lilitoka Uholanzi katika miaka ya 1920. Tahiti, la njano lenye miali ya rangi ya chungwa katikati, ni la J. Lionel Richardson wa Waterford, Ireland, katika miaka ya 1950. Yote mawili yanapatikana katika maduka ya bustani hapa.

Mji wetu nao una ukurasa wake. Katika miaka ya 1950, wanawake waliojitolea katika Shirika la Saratani la Kanada waliandaa karamu za chai mjini Toronto ili kuchangisha fedha, na wakapamba meza kwa dafodili. Baadaye maua yaligawiwa katika mikahawa. Walikusudia kuyatoa bure, lakini watu walisisitiza kulipa, na mwaka wa kwanza zikapatikana dola zaidi ya 1,200. Mwaka 1957 Toronto ikawa na Siku ya Dafodili, na desturi hiyo ikaenea hadi Marekani, Ireland, Australia na New Zealand. Kwa jamii yetu jambo hili si dogo. Kwetu saratani mara nyingi haitajwi. Husemwa "ugonjwa ule", na mgonjwa huzikwa na siri yake, wakati mwingine bila daktari kumwona mapema. Ua lililofanya watu wa mji huu walitaje neno hilo mezani, kati ya vikombe vya chai, linastahili heshima yetu.

Kuja kwetu hapa kuna tarehe pia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na Kanada ikawapokea zaidi ya 6,000. Wengi walishukia Montreal, kisha wakasambaa, na wengine wakafika Flemingdon Park, Thorncliffe Park na Don Mills. Baada yao wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na wengine wetu wa Kenya na Tanzania. Walioondoka kwa siku 90 hawakubeba chipukizi la mgomba wala tawi la mwasumini. Bustani walizoziacha zilibaki mikononi mwa wengine. Kwa hiyo tunapopanda hapa, hata ua la wenyeji, tunarudia kazi tuliyokatizwa.

Kwa anayetaka kuanza, mwezi ni Oktoba, kabla ardhi haijaganda. Chimba sentimita 15, ncha ya tunguu itazame juu. Udongo wa mfinyanzi, ambao ni mwingi Toronto, uchanganye na mboji ili maji yasituame, maana tunguu huoza. Anayeishi ghorofani apande kwenye chungu kikubwa na kukikinga kwa magunia, kwani udongo wa roshani huganda pande zote. Maua maradufu ni mazito, mvua huyalaza, hivyo chagua mahali pasipo na upepo mkali. Chipukizi la ua linaweza kukauka kabla ya kufunguka iwapo joto la Mei litaruka ghafla, basi mwagilia maji kukiwa kukavu. Ua likishanyauka, usikate majani wala kuyafunga mafundo. Yaache yawe njano yenyewe, kwa wiki sita hivi, maana ndiyo yanayolisha tunguu kwa mwaka ujao. Kindi, ambao humaliza matunguu ya tulipu, hawaligusi la dafodili kwa sababu lina sumu. Sumu hiyo inawadhuru na watu, kwa hiyo usilihifadhi jikoni karibu na vitunguu.

Baada ya miaka michache maua yatapungua, kwa sababu matunguu yamesongamana. Mwezi Julai, majani yakishakauka, fukua, tenganisha, rudisha nusu na ugawe nusu. Usigawe kimya. Mpe jirani au mtoto wako pamoja na jina la ua, mwaka ulioupanda na jina la aliyekupa. Ua hili halina mbegu ya kupeperushwa na upepo, na habari zake nazo hazipeperuki zenyewe. Sion alibahatika kupata mmoja aliyeandika.