Mkulima Aliyerudi Shambani Wakati wa Njaa

  

Katika masomo ya historia tumezoea habari za wafalme na majemadari. Mtu wetu wa leo hakuwa na kiti wala jeshi. Alikuwa na jembe, na jamaa kubwa ya kulisha. Jina lake ni Yacouba Sawadogo, mkulima wa kijiji cha Gourga, karibu na mji wa Ouahigouya, katika jimbo la Yatenga, kaskazini ya Burkina Faso. Nchi hiyo iliitwa Volta ya Juu hata mwaka 1984. Yacouba alizaliwa mwaka 1946, akafariki tarehe 3 Desemba 2023. Alipokuwa mtoto alipelekwa nchi ya Mali katika chuo cha Kurani. Baadaye alirudi kwao, akawa mfanyabiashara katika soko la Ouahigouya.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, kwa sababu huwezi kuifahamu kazi ya mkulima usipoifahamu ardhi yake. Huko mvua hunyesha miezi michache tu, na miezi mingine yote ni kiangazi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 ukame mkubwa uliingia nchi zote zilizo kando ya jangwa la Sahara. Mifugo ilikufa, visima vilikauka, na watu wengi walihama. Ardhi iliyokosa majani ilipigwa na jua na mvua hata ikawa ngumu kama sakafu. Sasa liangalie jambo hili vizuri: hata mvua iliponyesha haikusaidia, kwa kuwa maji hayakuingia chini. Yalipita juu tu, yakachukua na udongo uliobaki. Basi taabu ya watu wale ilikuwa mbili: uchache wa mvua, na mvua yenyewe kupotea.

Karibu na mwaka 1980, wakati wengine walipokuwa wakiyaacha mashamba, Yacouba aliliacha soko akarudi shambani. Alifanya nini? Wazee wa Yatenga walikuwa na desturi ya kuchimba vishimo vidogo katika ardhi ngumu, viitwavyo zaï. Yacouba hakuitupa desturi hiyo, wala hakuifuata kama kipofu. Aliongeza upana wa vishimo na kina chake. Alivichimba wakati wa kiangazi, kabla ya mvua, akatia ndani samadi na majani makavu. Samadi iliwaita mchwa. Wengi wetu twamjua mchwa kuwa adui, lakini kule alikuwa kibarua asiyelipwa: alitoboa njia chini ya ardhi, na mvua ilipokuja maji yalishuka kwa njia hizo. Tena Yacouba alipanga mawe kwa mistari kuikingama miteremko, ili maji yapunguze mwendo na kuuacha udongo. Ndipo mtama na uwele ukaota mahali palipokuwa hapaoti hata jani.

Je, majirani walimshangilia? La. Mtu anayechimba ardhi kavu katika jua kali, wakati mvua iko mbali, walimwona ana wazimu. Hata moto ulitiwa katika shamba lake. Hakuacha, wala hakulipiza kisasi. Aliendelea kuchimba, na mavuno yalisema kwa niaba yake.

Katika vile vishimo kulitokea jambo jingine. Mbegu za miti zilizokuwamo ndani ya samadi ziliota pamoja na mtama. Mkulima mwingine angeing'oa miche hiyo kama magugu. Yacouba aliiacha, akaitunza, akaongeza mingine. Mwaka kwa mwaka ukawa msitu wa karibu hektari 40, wenye miti na vichaka vya aina zaidi ya 60, ukitoa kuni, chakula cha mifugo na dawa.

Wala elimu yake hakuificha. Tangu mwaka 1984 alifanya siku za soko shambani kwake, mara mbili kwa mwaka, na wakulima wa vijiji vingi walikuja kubadilishana mbegu na maarifa. Mwaka 1989 wakulima wa Illéla, nchi ya Niger, walikuja Yatenga kutazama kwa macho yao. Waliporudi kwao walianza kuchimba, na huko vishimo hivyo huitwa tassa. Leo hata Kenya wako wakulima wa sehemu kavu wanaochimba vishimo vya zai. Nasi twakumbuka ngoro za Wamatengo wa Mbinga, Tanzania, ambao tangu zamani hulima mashimo yanayozuia maji milimani.

Lakini somo la kweli halifichi upande mgumu. Kuchimba hektari moja ya vishimo ni kazi nzito ya siku nyingi, na asiye na mifugo hutaabika kupata samadi. Na mji wa Ouahigouya ulipokua, sehemu ya ardhi aliyoifufua Yacouba ilipimwa viwanja vya nyumba. Ardhi ilipokuwa tupu hakuna aliyeitaka. Ilipopata uhai, ikapata wenyewe wengi. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtaja kuwa mmoja wa Mabingwa wa Dunia katika kutunza mazingira. Ni heshima kubwa. Walakini heshima ni kitu kimoja, na haki ya mkulima juu ya shamba lake ni kitu kingine.

Basi, msikilizaji, Yacouba hakungoja mvua ibadilike. Aliiandalia mahali pa kuingia. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Yeye alikijaza shimo kwa shimo.

Sasa, kabla hamjaondoka, zungumzeni maswali haya katika kikundi chenu:

1. Katika kijiji chenu, maji ya mvua hupita wapi, nayo huchukua nini?
2. Ni desturi gani ya kilimo ya wazee wenu iliyoachwa, na je, yaweza kurudishwa kwa kuongezwa maarifa mapya?
3. Mtu akifufua ardhi iliyokufa, ni nini kimlinde asinyang'anywe?

Andikeni majibu yenu, na asiyejua kuandika asemewe na mwenzake. Kwaherini mpaka somo lijalo.