Alimpiga Ali, halafu nani alibaki naye?

Wasee, kuna jamaa alimpiga Muhammad Ali akiwa na mapigano saba tu ya kulipwa. Saba! Anaitwa Leon Spinks, na wengi wanakumbuka pengo la meno yake kuliko ngumi zake. Mimi naona stori yake inasimuliwa vibaya.

Spinks alizaliwa 1953, akakulia St. Louis, Marekani, kwenye ghorofa za Pruitt-Igoe, mtaa uliooza hadi serikali yenyewe ikaanza kuubomoa 1972. Shule aliacha. 1973 akajiunga na kikosi cha Marine, akaingia timu ya ndondi kule Camp Lejeune. Bondia wa jeshi ana chakula, kitanda, kocha, na mkubwa wa kumfokea akichelewa. Matokeo? Shaba ya dunia 1974, fedha ya Pan American 1975, dhahabu ya Olimpiki Montreal 1976. (Kenya hatukuwa huko. Tuligoma pamoja na nchi nyingi za Afrika, sababu raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya ubaguzi.)

Akatoka jeshini, na Januari 1977 akaanza kulipwa. Miezi 13 baadaye, 15 Februari 1978, Las Vegas, raundi 15: Ali chini kwa pointi. Bingwa wa dunia wa heviweti, miaka 24.

Sasa doo zikaja, sherehe zikaja, polisi pia wakaja. Alikuwa na bodigadi, tena Mr. T mwenyewe, yule wa Rocky III. Lakini mtu wa kumwambia "kalale, kesho kuna mazoezi" akamsikiliza, hakuwa naye. Septemba mwaka huo huo Ali akachukua mkanda wake. 1979 Gerrie Coetzee akammaliza raundi ya kwanza. Aliendelea kupigana hadi 1995: ushindi 26, vipigo 17, sare 3. Alifariki 2021.

Watu husema ni ujinga wake tu. Mimi nakataa. Ndugu yake mdogo, Michael, alishinda dhahabu Olimpiki hiyo hiyo. Yeye alipelekwa polepole, taji la kwanza likaja 1981, na alistaafu 1988 akiwa amepoteza pigano moja pekee. Leon alirushwa juu kabla hajajifunza kusimama bila jeshi.

Niliacha chuo, kwa hivyo sitahubiria mtu ati asitoke kwenye mfumo. Toka ukitaka. Lakini ule mfumo ulikuwa unakufanyia kazi ambayo huioni: kukuamsha, kukulisha, kukukataza. Ukitoka, hiyo kazi inabaki bila mwenyewe.

Hapa kwetu pia mabondia wengi hutoka timu za jeshi, polisi na magereza. Mmoja akienda kulipwa tunapiga makofi na kuuliza atalipwa ngapi. Ni nani huuliza anaenda na nani?