Korogwe Ilianzia Kisiwani

Barabara ya lami ya kutoka Handeni kwenda Korogwe ni ya kilomita 65 tu. Inaiacha nchi kavu ya Uzigua na kuteremka kwenye bonde la Mto Ruvu, ambao ramani huuita Pangani. Anayefika hapo huinua macho kutazama milima ya Usambara, mto akaupita tu kama maji ya kuvuka, na mimi naona hapo ndipo historia yenyewe inapomponyoka. Wengi huamini Korogwe ni mtoto wa reli. Ushahidi unaelekeza kwingine: makazi haya yalianzia visiwani katikati ya mto, yakiunganishwa na nchi kavu kwa madaraja ya miti, na kilichowapeleka watu huko ni hofu ya kutekwa na kuuzwa.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipopita bonde hili mwaka 1857 wakielekea Vuga, makao makuu ya Usambara, Kimweri ye Nyumbai bado alikuwa mtawala wa Usambara. Alipofariki mwaka 1862, ukoo wake wa Wakilindi uligombania kiti. Mwanawe Semboja alijikita Mazinde, tambarare, penye njia ya misafara na bunduki. Kwa upande wa Handeni, baadhi ya wakubwa wa Wazigua nao walikuwa wameshajipatia bunduki kutoka pwani. Mateka wa vita hivyo waliteremshwa Pangani mjini, wengine wakavushwa hadi mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Waruvu, watu wa mto huu, walikaa katikati ya pande hizo mbili. Mpelelezi Oscar Baumann, ambaye kitabu chake juu ya Usambara kilitoka Berlin mwaka 1891, aliwakuta kwenye vijiji vya visiwani. Ulalo, yaani daraja la magogo na fito, huwalazimu wavamizi kupita mmoja mmoja, bunduki zao nyingi zisiwafae kitu, na wenyeji wachache wenye mapanga wanaweza kuukata kabla adui hajafika nusu.

Kuna watakaosema watu walifuata samaki na udongo wa mto. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa Handeni hukumbwa na ukame mara kwa mara na Ruvu haukauki. Njaa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi kujiuza pwani, wakasafirishwa hadi Somalia, na wazao wao wako huko mpaka leo. Lakini samaki huvuliwa hata kutoka ukingoni, na mashamba mapana yako ng'ambo. Rutuba inaeleza kwa nini watu walikaa bondeni; haielezi kwa nini mama avuke magogo yanayoteleza kila jioni, mtoto mgongoni na kuni kichwani, ndipo akalale.

Na reli je? Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe 1902. Wakati huo wamisionari wa Kianglikana walikwishafika, kwa sababu watu na njia vilikuwapo. Reli ilikuza mji, haikuuanzisha. Baada ya Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, kunyongwa Pangani Desemba 1889 na wageni hao kushika nchi, uvamizi wa kuteka watu ulififia, na mji wa leo umetanda nchi kavu. Samaki na udongo vilibaki palepale mtoni. Kilichoondoka ni mtekaji.